Mabadiliko ya kiumbo na ya kikemikali: kitu ni kilekile au ni kingine?

Muulize mtoto wa darasa la sita tofauti ya mabadiliko ya kiumbo na mabadiliko ya kikemikali, atakujibu bila kusita: ya kiumbo yanarudishika, ya kikemikali hayarudishiki. Nimelisikia jibu hilo miaka yote niliyofundisha sayansi hapa Dar es Salaam, na daftarini huwekewa vema. Lakini mpe mtoto huyohuyo unga wa dona, mwambie aurudishe uwe mahindi. Hawezi. Na mashine ya kusaga haikutengeneza kitu kipya hata kidogo: punje zimekuwa unga, mahindi ni yaleyale.

Maana yenyewe ni hii. Badiliko la kiumbo hugusa umbo, ukubwa au hali ya kitu, yaani kuwa yabisi, kimiminika au gesi, ila kitu chenyewe hubaki kilekile. Badiliko la kikemikali huzaa kitu kingine: atomu zilizokuwa zimeungana hivi huachana, zikaungana vingine, na kinachopatikana kina tabia zake. Kurudishika au kutorudishika ni jambo la pembeni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mtungi wa gesi, maana siku hizi uko kwenye nyumba nyingi. Utikise kidogo, utasikia kitu kinachezacheza ndani kama maji. Gesi ya kupikia imeshindiliwa humo mpaka ikawa kimiminika. Ukifungua koki, inageuka gesi na kupita kwenye mpira. Hilo ni badiliko la kiumbo, kwa kuwa kilichomo mtungini na kinachopita kwenye mpira ni kitu kimoja. Kugeuka huko kunataka joto, na joto linachotwa kwenye mtungi wenyewe. Ndiyo maana ukipika maharage saa nzima kisha ukaupapasa mtungi sehemu ya chini, utaukuta wa baridi, wakati mwingine umelowa kama unatoka jasho. Ni mvuke uliokuwa kwenye hewa yetu ya pwani, umepoa ukawa maji. Nalo ni badiliko la kiumbo.

Sasa tazama mwali wa buluu. Pale gesi inaungana na oksijeni, na vinavyotoka ni hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Viwili hivyo havikuwamo mtungini. Injika sufuria yenye maji baridi uinue baada ya sekunde chache: chini, kwa nje, pameloa. Maji hayo hayakuvuja kwenye sufuria. Yamezaliwa motoni. Sijaona mwanafunzi aliyeona jambo hili kwa macho yake halafu akalisahau.

Mkaa nao watoto husema "umeisha". Haukuisha. Sehemu kubwa ya mkaa ni kaboni, na kila gramu 12 za kaboni zikiungua vizuri huchukua gramu 32 za oksijeni, zikatoa gramu 44 za hewa ya ukaa. Antoine Lavoisier, Mfaransa wa karne ya 18, alikuwa akipima vitu kabla na baada ya mmenyuko, yaani badiliko la kikemikali, ndani ya vyombo vilivyofungwa, akaonyesha kwamba uzito haupotei. Kwenye jiko letu vipimo vinatudanganya kwa sababu gesi imeshatoka dirishani.

Kama ningekuwa na basi la shule, darasa zima ningelipeleka Kunduchi, hapa hapa pwani ya Dar es Salaam. Kwenye mashamba ya chumvi, maji ya bahari huachwa mabwawani jua liyakaushe. Lita moja ya maji hayo ina takriban gramu 35 za chumvi, na zilikuwamo tangu mwanzo. Jua limeondoa maji tu. Kiumbo. Lakini hukohuko Kunduchi yapo magofu ya msikiti wa kale, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Chokaa ya namna hiyo hupatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe. Tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Moto mkali huifukuza hewa ya ukaa, na kinachobaki ni kitu kingine kabisa, ambacho ukikimwagia maji hufoka na kuwa cha moto. Kikishapakwa ukutani, taratibu hunyonya hewa ya ukaa kutoka angani, mpaka kikawa kalsiamu kaboneti tena, kigumu kama jiwe. Mabadiliko yote hayo ni ya kikemikali, na kitu kimerudi kilikoanzia. Betri ya bajaji hufanya vivyo hivyo kila inapochajiwa.

Dalili za badiliko la kikemikali zinazofundishwa, kama mapovu, rangi, joto na harufu, zisaidie tu, zisihukumu. Maji ya chai yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hayo ni maji yaleyale yaliyogeuka mvuke. Donge la maandazi lenye hamira nalo hutoa mapovu, lakini hayo ni hewa ya ukaa, iliyotoka kwenye sukari iliyovunjwa na hamira.

Kwa kazi ya nyumbani, mimi hutoa sukari. Kijiko kimoja mtoto akikoroge kwenye maji, aonje. Kijiko cha pili mtu mzima akishike juu ya moto: sukari itayeyuka, itakuwa ya kahawia, itatoa moshi, itabaki nyeusi. Ikishapoa kabisa, mtoto aguse kwa ulimi, kisha aandike daftarini ni wapi alipoikuta sukari na wapi hakuikuta.