Ile ramani ya chini ya barafu haijapimwa kila nukta jamani

Kila mara naletewa ile ramani ya Antaktika inayoitwa BedMachine, ya unene wa barafu na mwamba ulio chini yake, iliyopakwa rangi kuanzia pwani mpaka katikati, mtu amebonyeza sehemu moja anaandika "unene kwa mujibu wa rada ni mita kadhaa". Rada gani?? Ndege haijawahi kupita hapo!

Rada ya ndegeni inapima kwenye mstari ambao ndege imepita, basi. Inatuma pigo, linagonga uso wa barafu, lingine linazama ndani kwa kasi ya kama mita 168 kwa mikrosekunde, linafika kwenye mwamba linarudi. Mwangwi wa mwamba ukichelewa mikrosekunde 24 nyuma ya ule wa uso (hizo ni za kwenda na kurudi) una barafu ya kilomita 2 hivi. Ukitoka pembeni kilomita 10, hapo ni kompyuta imejazia tu.

Na hata kwenye mstari wenyewe usijiachie. Bonde likiwa jembamba na refu kwenda chini, kuta zinarudisha mwangwi mapema kuliko sakafu, kwenye skrini unaona matao yamepishana na mwenye haraka anachora ukuta akidhani ndo sakafu, barafu inatoka nyembamba kuliko ilivyo. Mto wa barafu wa Denman, Antaktika Mashariki, ndo mfano wenyewe, rada zimepitishwa pale na sakafu haikuonekana, mpaka mwaka 2019 watu wa BedMachine walipopiga hesabu ya barafu inayopita pale kwa mwaka wakakuta haiwezi kupita yote bila bonde kushuka kama mita 3,500 chini ya usawa wa bahari. Yaani sehemu yenye kina kikubwa kuliko zote kwenye ramani hiyo haikutoka kwenye rada. Kwa hiyo kabla hujanukuu namba, fungua tabaka la chanzo cha data na la makadirio ya makosa, yamo kwenye faili hilohilo, watu hawafungui tu.

Mengine haraka haraka. Eti saivi satelaiti zinapima unene: ICESat-2 na CryoSat-2 zinapima kimo cha uso, labda barafu iwe inaelea juu ya bahari, hapo unaweza kukokotoa unene.

Eti masafa ya juu ya mawimbi ya rada (frikwensi) ndo yanaona vizuri. Kwenye barafu ya Alaska yenye maji ndani mawimbi yanatawanyika, unashuka mpaka megahetzi chache, wakati Antaktika megahetzi 60 au 150 inafanya kazi fresh.

Eti kasi ya wimbi ni ileile juu mpaka chini, wakati theluji ya juu haijashikana na wimbi linakimbia zaidi humo, usipoongeza kama mita 10 umepunja.

Na wanaouliza kwa nini tusipitishe ndege Kilimanjaro: barafu ya kule Northern Ice Field, ile ya upande wa kaskazini wa kilele, pale nene kabisa ilikuwa kama mita 50 ilipopimwa 2015 na kingo zake ni kuta wima, mwangwi wa pembeni ungefunika kila kitu, na rada iliburutwa kwa miguu juu ya barafu yenyewe.