Sumaku ikitulia, umeme hamna

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kusuka mota nawaanzishia na koili moja tu, waya wa shaba mizunguko kama 300 kwenye bomba la plastiki, kipande cha sumaku, na mita nimeiweka kwenye milivolti, nawaambia haya toeni umeme. Karibu wote wanafanya vilevile, wanatumbukiza sumaku, wanaiacha humo, halafu ndo wanainamia mita. Sifuri. Wanasema koili imekatika. Haijakatika, umeme ulishapita wakati mkono unashuka, jicho tu lilikuwa halijafika kwenye mita!

Hilohilo lilimkuta msomi mmoja wa Geneva, Jean-Daniel Colladon, mwaka 1825. Aliogopa sumaku yake isije ikavuta sindano ya kipimo, akavuta waya mrefu akakiweka kipimo chumba kingine kabisa, anasukuma sumaku kwenye koili, anatembea mpaka huko, anakuta sindano imelala. Naumia sana kila nikiikumbuka habari hii, maana umeme aliutengeneza kabisa, alikosa mtu wa kukaa pale na kipimo. Agosti 1831 mwanasayansi Michael Faraday, London, ndo akaona sindano inaruka anapounganisha betri kwenye koili ya jirani na inaruka tena anapoikata, katikati hapo imetulia, na Oktoba akapata hivyohivyo kwa kusukuma sumaku tupu.

Kinachotokea ni hiki. Nguvu ya sumaku inayopita katikati ya koili ikiongezeka au ikipungua, elektroni ndani ya shaba zinasukumwa, na zinasukumwa muda ule wa mabadiliko tu. Kila mzunguko unatoa kamsukumo kake kadogo, na kwa kuwa mizunguko imefuatana inajumlishwa, ndo maana nawagombeza wanaopoteza hesabu wakati wa kusuka, ukipunguza mizunguko umepunguza volti. Ukisukuma haraka zaidi volti zinapanda, ukichomoa sumaku mita inaonyesha alama ya kutoa, yaani mkondo umegeuka.

Sasa chukua dainamo ya baiskeli, ile inayosuguliwa na tairi. Ndani koili imetulia, sumaku ndo inazunguka, ncha ya kaskazini inapita, ya kusini inapita, kwa hiyo mabadiliko hayaishi na umeme unaenda na kurudi. Nyingi ni za volti 6 na wati 3, ukienda taratibu taa inafifia, ukikazana inang'aa.

Na pedali zinakuwa nzito, watu wanadhani ni msuguano wa tairi peke yake. Chomoa waya wa taa halafu uzungushe kwa mkono kile kichwa cha dainamo kinachogusa tairi, kinalainika, japo volti bado zipo kwenye koili. Bila njia ya kupita mkondo hakuna mkondo, na mkondo ndo unaoifanya koili nayo iwe sumaku inayopingana na ile inayozunguka. Mwanafizikia Heinrich Lenz aliieleza kanuni hiyo 1834.

Pale bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, kuna mashine 9 za megawati 235 kila moja na zinafuata kanuni hiyohiyo ya dainamo, jioni watu wakiwasha pasi na majiko mkondo unaongezeka, rota, yaani ile sehemu inayozunguka, inaanza kuwa nzito kuzungusha, inabidi milango ya maji ifunguke zaidi maji mengi yaingie, la sivyo itapunguza mwendo.