Namba ya ubavuni mwa tairi siyo upepo wa gari lako

Dereva anainama, anasoma "MAX PRESS 51 PSI" ubavuni mwa tairi, kisha anamwambia fundi ajaze mpaka hapo. Namba hiyo, kwa PSI (kipimo cha msukumo wa upepo), ni kikomo tu cha tairi lenyewe. Aliyelitengeneza hajui litafungwa kwenye gari gani, wala litabeba uzito kiasi gani.

Kipimo chako kipo kwenye kibandiko. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo ya mlango. Magari mengine hukiweka ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Magari yaliyotumika Japani huandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo: gawanya kwa 6.9 upate PSI. Kwa hiyo 230 ni kama 33. Mara nyingi mbele na nyuma hutofautiana, na gari likijaa watu na mizigo, fuata mstari wa mzigo kwenye kibandiko kama upo.

Ukizidisha upepo, tairi hukanyaga kwa katikati tu, huisha hapo, na breki ya ghafla kwenye lami yenye maji huteleza. Ukipunguza, kingo ndizo huisha, ubavu hujikunja na kupata joto. Matairi mengi hupasukia hapo kwenye safari ndefu.

Pima tairi likiwa baridi, gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Ukikuta limepanda PSI 4 njiani, liache. Ukitoa upepo wakati lina joto, kesho asubuhi litakuwa chini ya kipimo.