Je, Wajua Kwa Nini Mlango wa Banda la Kuku Unaojifunga Hauhitaji Kuona Giza?

Wengi wanaojitengenezea mlango wa banda unaojifunga wenyewe huanza kwa kutafuta sensa ya mwanga. Hoja yao inaeleweka: kuku huingia giza linapokaribia, basi mlango nao ulifuate giza. Kwa Uganda hoja hiyo huwapotosha.

Michoro mingi ya mtandaoni imetoka nchi zilizo mbali na ikweta. London jua huzama kabla ya saa 10 jioni mwezi Desemba, na Juni huzama baada ya saa 3 usiku. Mfugaji wa huko akitegemea saa, itabidi airekebishe mara kwa mara, kwa hiyo sensa inamfaa. Kampala ni habari nyingine. Mwanzoni mwa Novemba, jua linapowahi kuliko wakati wowote, huzama kama saa 12 na dakika 37 jioni. Katikati ya Februari, linapochelewa zaidi, huzama kama saa 1 na dakika 7 usiku. Mwaka mzima, nusu saa tu!

Na hata nusu saa hiyo haitokani na mchana kurefuka. Mchana wa Kampala ni kama basi la Jinja linalotumia muda uleule njiani kila siku, ila kuna siku huwahi kuondoka kituoni na siku huchelewa. Februari jua huchelewa kuchomoza, likachelewa pia kuzama. Novemba huwahi yote mawili.

Sensa, kwa upande wake, hudanganyika kirahisi. Wingu zito la mvua saa 10 jioni huiambia kuwa usiku umeingia, nao kuku wanabaki nje. Taa ya ulinzi huiambia bado mchana. Vumbi la maranda ndilo baya zaidi kwa sababu halionekani likifanya kazi: hujipaka kwenye sensa kidogo kidogo, na mlango ukawa unajifunga mapema zaidi kila wiki.

Taima ya kidijitali ya volti 12, yaani saa inayowasha na kuzima umeme kwa wakati uliopangwa, inatosha. Ipange ifungue saa 1 asubuhi na ifunge saa 1 na nusu usiku, kwani nuru ya mwisho hudumu kama dakika 20 baada ya jua kuzama. Kasese ongeza dakika 10, maana iko magharibi zaidi. Mitetea michanga mara nyingi huchelewa kuingia kuliko kuku wakubwa, kwa hiyo wiki ya kwanza pita na tochi kabla ya mlango kushuka, uone wa mwisho anaingia saa ngapi.

Mota iliyotumika ya kupandisha kioo cha dirisha la gari hupatikana kwa wauza vipuri wa soko la Kisekka, Kampala. Betri ya volti 12, ampea-saa 7, na paneli ya sola ya wati 10 zinatosha, pamoja na fyuzi. Taima huwasha rilei ya pini 8, yaani swichi inayoendeshwa na umeme: ikiwaka, mota huviringisha kamba na kupandisha mlango, ikizima, umeme hugeuka upande na mota huushusha. Juu weka swichi ya kusimamisha. Chini ndipo penye kazi.

Kwa kawaida watu huweka swichi nyingine kizingitini. Kuku akisimama pale, mlango hutua mgongoni mwake na swichi haiguswi. Mota inaendelea, kamba inaisha kufunguka, kisha inaanza kujiviringisha kinyume na kuupandisha mlango tena! Asubuhi unakuta banda wazi. Dawa ni swichi yenye mkono unaoegemea kamba. Mteka maji kisimani haoni ndoo ikigusa maji. Huijua kwa kamba kulegea mkononi. Swichi hii hufanya vivyo hivyo: kamba ikilegea inakata umeme, iwe mlango umefika chini au umetua juu ya kuku. Kuku akisogea, kamba inakaza, mota inaendelea kushusha.

Kila swichi iwekewe diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba nayo, ili mota iweze kurudi upande wa pili. Diodi ya ampea 1 huungua. Weka ya ampea 10.

Mlango uwe bati la alumini la upana wa sm 30 na urefu wa sm 40, kwa tundu la sm 26 kwa 35, lenye uzito wa kilo 1 hivi, na nafasi ya milimita 5 kila upande wa reli zinazouongoza. Wa mbao huvimba msimu wa mvua, ukakwama katikati, kamba ikalegea na swichi ikadhani kazi imekwisha.

Kamba huvuta tu, haisukumi, kwa hiyo kanu au nyegere anaweza kuuinua mlango kwa kucha. Upande wa nje, kwenye kizingiti, pigilia ubao wa sm 4 ili mlango ushukie nyuma yake. Upande wa ndani uache wazi, maranda yasijae chini ya bati.