Chomoa, rudisha: ninavyokagua draiva ya memori kadi za kasi

"Ukichomoa kadi ukairudisha, inakubali."

Maneno hayo niliyasikia mara tatu ndani ya wiki moja, kwa mafundi watatu wasiofahamiana, wote wakilalamikia kisanduku kimoja cha kurekodia data ambacho timu yetu ilikuwa inakiandikia draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Kisanduku kinawaka, mfumo unapanda, ila siku moja moja kadi haionekani. Ukitoa amri ya reboot, bado haionekani. Ukiichomoa kwa kidole na kuirudisha palepale, inasoma kama haijawahi kuugua.

Kwa mkaguzi wa msimbo, maelezo hayo yana thamani kuliko kurasa kumi za logi. Kadi ilikuwa ileile na programu ileile. Kilichobadilika kwa kile kidole ni kimoja tu: kadi ilikatiwa umeme kikweli. Kwa hiyo hata kabla sijakifungua kiraka, yaani mabadiliko ya msimbo niliyoletewa nikague, nilikuwa najua natafuta nini. Natafuta mahali ambapo draiva inadhani imekata umeme, kumbe haijakata.

Huwa nasoma draiva za namna hii kinyumenyume. Njia ya mafanikio karibu kila mtu anaiandika sawa, kwa kuwa ndiyo anayoijaribu mezani kutwa nzima. Mimi naanza na njia ya kushindwa. Kwenye kila amri inayotumwa kwa kadi najiuliza: ikikataa hapa, umeme umebaki wapi?

Kadi yoyote ya SD, hata ile iliyoandikwa kasi kubwa, inaanza polepole. Mapigo ya saa hayazidi kilohezi 400, waya wa data ni mmoja, ishara ni za volti 3.3. Kerneli, kiini cha Linux, inatuma amri ya CMD0 kuirudisha kadi mwanzo, halafu CMD8 yenye namba 0x1AA. Kadi ikirudisha AA ileile, tunajua inasikia na volteji inaikubali. Inafuata ACMD41, inayorudiwa hadi kadi iseme iko tayari, na inaruhusiwa kuchukua hadi sekunde 1. Ndani ya ACMD41 kuna biti iitwayo S18R, ambayo ni swali: unaweza kuhamia ishara za volti 1.8? Kadi ya UHS-I (ngazi ya kadi za kasi) inayoweza inajibu kwa biti ya S18A. Bila kuhamia 1.8 hakuna SDR50 wala SDR104, ambazo ni hali za kasi za UHS-I. Unabaki megahezi 50, yaani megabaiti 25 kwa sekunde, wakati SDR104 inafika megahezi 208 na kikomo chake ni megabaiti 104.

Hayo yote yanafanywa na msimbo wa pamoja, drivers/mmc/core/sd.c, na draiva ya bodi haina nafasi kubwa ya kuharibu. Nayapita haraka.

Panaponikalisha ni CMD11, amri ya kuhama volteji. Kadi ikishaijibu, inavuta chini waya wa amri (CMD) na nyaya zote nne za data na kuzishikilia hapo. Kidhibiti, yaani chipu ya bodi inayozungumza na kadi, kinatakiwa kisimamishe mapigo ya saa kabisa, kihamishe ishara kutoka 3.3 kwenda 1.8, kisubiri angalau milisekunde 5, kisha kirudishe mapigo. Ndani ya milisekunde 1 kadi inaziachia nyaya zipande. Zisipopanda, zoezi limeshindwa, na dawa ni moja tu: kata umeme wa kadi, anza upya. CMD0 haisaidii hapa. Inarudisha hali ya kadi mwanzo, lakini volteji ya ishara hairudishi.

Walioandika msimbo wa pamoja walikuwa waangalifu sana. Ndani ya mmc_host_set_uhs_voltage saa inawekwa 0, volteji inahamishwa, zinasubiriwa milisekunde 10 badala ya 5, ndipo saa inarudishwa. Lakini kuiweka saa 0 ni ombi tu. Wa kulitimiza ni draiva, kupitia kitendakazi chake cha kupanga saa na umeme, set_ios, na kwenye kiraka cha mwenzetu set_ios ilikuwa na mistari hii:

    if (ios->clock)
            xyz_set_clock(host, ios->clock);

Nia yake ni njema kabisa. xyz_set_clock inatafuta kigawanyo kwa kugawanya na ios->clock, na kugawanya kwa sifuri ndani ya kerneli ni balaa. Aliyeandika alijikinga. Ila kwa kujikinga hivyo, ombi la kusimamisha saa likawa linamezwa kimyakimya, bila kosa lolote kurudishwa. Kadi imeshikilia nyaya chini ikisubiri kimya, volteji inahama, na saa inaendelea kupiga.

Kadi nyingi zinavumilia. Mezani kwake alikuwa na kadi mbili, na zote mbili zilikuwa za kuvumilia. Nikampigia simu.

"Kaka, kwangu inapanda SDR104 kila nikiwasha," akasema.

"Nakuamini, mdogo wangu. Hebu weka probu kwenye waya wa saa, uishike pale CMD11 inapotoka, halafu uniambie umeona nini."

Baada ya nusu saa akanitumia picha ya oskiloskopu bila neno lolote. Mapigo ya saa yalikuwa yamejaa kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine. Katikati ya picha yalipungua kimo, kutoka volti 3.3 hadi 1.8, bila kukatika hata mara moja. Sijawahi kuona kosa la msimbo linaloonekana waziwazi namna ile kwa macho.

Marekebisho yalikuwa mistari minne: ios->clock ikiwa 0, zima biti ya saa kwenye rejista kisha ondoka, kama si 0, tafuta kigawanyo. Nikamwomba pia aandike card_busy, inayoangalia kama kadi bado imeshikilia nyaya chini, ambayo hakuwa ameiweka. Bila hiyo kerneli inatoa onyo la "cannot verify signal voltage switch", halafu inaendelea kwa imani. Onyo hilo nimeliona kwenye logi za bodi nyingi, na kila mara najisikia vibaya, kwa sababu biti za kuonyesha hali ya nyaya za data mara nyingi zipo tayari kwenye rejista za kidhibiti na kuzisoma ni kazi ya dakika kumi.

Basi tukawa tumejua kwa nini uhamisho ulishindwa. Lakini kushindwa kwenyewe si msiba. Msimbo wa pamoja unalitarajia hilo: unaita mmc_power_cycle, unajaribu tena hadi mara 10, na zikiisha unaandika "Skipping voltage switch" na kuendelea bila kuomba 1.8. Kadi ilitakiwa ipande kwa mwendo wa megahezi 50, ikiwa nzima. Yetu ilikuwa inapotea kabisa, na logi inaacha "error -110 whilst initialising SD card", yaani muda umeisha bila jibu.

Jibu halikuwa kwenye faili la C. Lilikuwa kwenye faili la dts, linaloielezea kerneli vifaa vya bodi, ambapo vmmc-supply, umeme wa kadi, ilielekezwa kwenye regyuleta yenye maneno regulator-always-on, yaani isizimwe kamwe. Kerneli inaomba umeme ukatwe, hakuna anayelalamika, na waya wa umeme uko palepale kwenye 3.3. Umeme ulikatwa kwenye makaratasi. Kadi iliyokwama katikati ya CMD11 ikaendelea kukwama, ikapigiwa CMD0 mara kumi, ikapita hata reboot ikiwa vilevile, hadi alipokuja fundi na kidole chake. Tangu siku hiyo sikubali kukagua draiva ya kadi bila kuletewa dts pamoja nayo. Msimbo peke yake hausemi kama umeme unakatika.

Bodi kwa bahati ilikuwa na transista ya kukatia umeme wa kadi, haikuwa imetumiwa tu. Toleo la pili la kiraka likaja na GPIO yake, yaani pini ya kuiwasha na kuizima. Nikamwambia apime tena, safari hii waya wa umeme wenyewe. Kanuni za SD zinataka umeme ushuke chini ya volti 0.5 na ukae hapo angalau milisekunde 1. Kerneli inazima, inasubiri milisekunde 1, inawasha. Kwenye kioo umeme ulishuka kwa mteremko mlegevu hadi karibu volti 2.4, halafu ukarudi juu. Kapasita zilizo kando ya soketi zilikuwa bado zimebeba chaji. Kwa kadi, umeme haukukatika; uliyumba tu.

Tukaweka off-on-delay-us kwenye regyuleta ili isikubali kuwashwa kabla ya muda kupita. Mteremko ukawa mrefu, na bado ukagoma kufika chini: ulisimama karibu volti 0.9 ukakaa hapo. Hapa nilihitaji kufikiri kidogo. Rizista za kuvutia juu nyaya za CMD na data zilikuwa zinalishwa na vqmmc, umeme wa nyaya za ishara, na draiva ilikuwa haiizimi vqmmc kwenye MMC_POWER_OFF. Umeme ulikuwa unaingia kwenye kadi kwa mlango wa uani, kupitia nyaya za ishara. Mtu anaweza kuizima vmmc mwaka mzima, kadi ikaendelea kunywa kidogokidogo upande wa pili. Kuiongeza vqmmc kwenye kuzima kulichukua mistari mitatu, na mteremko ukafika sifuri.

Kuhusu kutuni, yaani kutafuta wakati sahihi wa kusoma data, sitasema mengi, ila kuna jambo moja nililikuta kwenye kiraka hichohicho. Kwenye megahezi 208 pigo moja la saa ni kama nanosekunde 4.8, kwa hiyo kidhibiti lazima kitafute ndani ya pigo ni wapi pa kusoma data. Kinatuma CMD19, kadi inarudisha baiti 64 zinazojulikana, zinazoanza na FF 0F FF 00, na draiva inajaribu hatua moja moja ikiandika ipi imesoma sawa. Kisha inachagua katikati ya eneo pana zaidi. Kidhibiti chetu kina hatua 32 zinazozunguka pigo zima, maana yake baada ya 31 inarudi 0. Siku moja zilizofaulu zilikuwa 0 hadi 5, na 24 hadi 31. Draiva iliyahesabu kama maeneo mawili, ikachukua lile la hatua 8 na kusimama kwenye 28. Kumbe ni eneo moja la hatua 14, na katikati yake ni 30 au 31. Hatua 28 inafanya kazi ofisini. Ndani ya kisanduku kilichofungwa, juani, ukingo unasogea na logi inaanza kujaa -84, yaani data imefika ikiwa imeharibika. Draiva ya dw_mmc ya Rockchip inaunganisha maeneo ya namna hiyo vizuri, na nilimwelekeza huko akaisome.

Toleo la nne ndilo nililolikubali. Kabla ya kuweka Reviewed-by, alama ya kwamba nimekagua na kukubali, nilimwomba kitu kimoja: aiharibu draiva kwa makusudi, start_signal_voltage_switch, ile ya kuhamisha volteji, irudishe kosa kila mara, kisha aniletee logi. Kwenye toleo la kwanza jaribio hilo liliipoteza kadi. Safari hii ilisomeka "Skipping voltage switch", na mstari wa chini yake, "new high speed SDXC card at address aaaa". Akaondoa uharibifu, akawasha upya mara 200 kwa skripti huku akisoma /sys/kernel/debug/mmc0/ios, faili linaloonyesha volteji ya ishara iliyopo, akitumia kadi tisa alizoazima kwa kila aliyekuwa nayo ofisini. Zote zilisimama kwenye volti 1.80, na hakuna hata moja aliyoigusa kwa kidole.