Mkeka uliochanika unahesabika kwenye kodi?

Pita Mwanjelwa, Mbeya, Jumatatu asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku, uone vikaratasi vilivyogandia kwenye tope nje ya maduka ya kubeti. Ni mikeka ya wikendi, yaani tiketi za kubeti, yote imechanika: imepoteza. Je, hasara ile inapunguza kodi ya siku utakayoshinda?

Kwa Tanzania, hapana. Kodi ya ushindi inakatwa mkeka ukikubali. Kampuni inaikata kabla hela haijaingia kwenye simu yako, kisha inaipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Kiwango kimo kwenye sheria na Bunge limeshakibadilisha zaidi ya mara moja, kwa hiyo usishike cha mwaka juzi. Mchezaji wa kawaida hajazi fomu yoyote. Ndiyo maana wengi hawajui hata kama wanalipa.

Chukua dereva wa bodaboda aliyeweka mikeka 20 ya shilingi 1,000 kwa mwezi. 19 imechanika, mmoja umemlipa 15,000. Ametoa 20,000, amerudishiwa 15,000 kasoro kodi. Amepigwa, na kodi kalipa! Mfumo hauutazami mwezi wake, unautazama ule mkeka mmoja tu. Mimi naona hapo mchezaji anaonewa, ingawa nakubali kwamba kumkagua kila mtu na mikeka yake kungeishinda ofisi yoyote.

Marekani wamejaribu njia hiyo ngumu. Huko ushindi wote unaandikwa kwenye ritani, fomu ya kodi ya mwaka, hata ule ambao haukukatwa chochote. Hasara inaruhusiwa kupunguza, lakini isizidi ulichoshinda, na ni kwa anayeorodhesha makato yake moja moja. Anayechukua kato la jumla, kiasi kimoja kilichopangwa bila kuorodhesha chochote, na ndio walio wengi, hasara yake haimsaidii kitu. Tena kuanzia mwaka wa kodi 2026 inahesabiwa asilimia 90 tu ya hasara: umeshinda dola 5,000 na kupoteza 5,000, unaruhusiwa kutoa 4,500, kwa hiyo unatozwa kodi juu ya dola 500 ambazo mfukoni hazipo.

Na lazima uthibitishe. Wanataka daftari lenye tarehe, mahali ulipochezea, aina ya mchezo, kiasi ulichopata na ulichopoteza, pamoja na tiketi zenyewe. Kwa hiyo vikaratasi kama vile vya kwenye tope la Mwanjelwa, mwenzetu wa kule anavipanga kwenye bahasha.