Mwenye kisu si Carol Ann Duffy

Kila nikifundisha shairi la "Education for Leisure" hakosi mwanafunzi wa kuniuliza kama mtunzi wake, Carol Ann Duffy, alikuwa mgonjwa wa akili. Hakuwa! Anayemponda nzi dirishani kwa kidole gumba, akammwaga samaki chooni, kisha akatoka na kisu cha mkate, ni nafsineni, yaani msemaji aliyebuniwa ndani ya shairi: kijana asiye na kazi, anayejiona gwiji aliyenyimwa sifa zake. Shakespeare wa shuleni anamkumbuka kama lugha ya watu wengine. Shairi hilo limo katika diwani ya 1985, enzi za Waziri Mkuu Thatcher wa Uingereza, vijana wakipanga foleni za posho ya wasio na ajira. Duffy anatuonyesha mtu wa namna hiyo anavyotengenezwa. Kumpa nafasi ya kusema si kumpongeza.

Watahini nao walipotea njia ileile. Mwaka 2008, baada ya malalamiko, bodi ya mitihani ya AQA, ya Uingereza, iliondoa shairi hilo kwenye mtaala na kuziambia shule ziharibu vitabu vilivyolibeba. Duffy alijibu kwa shairi lingine, akiwakumbusha visu na mapanga yaliyojaa kwa Shakespeare, ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa.

Kinachonikera ni kwamba kusema kwa kinywa cha mwingine ndiyo kazi ya maisha ya Duffy. Katika diwani hiyohiyo, mwanamke anayechorwa uchi jijini Paris ndiye anayemsimanga mchoraji. Katika *The World's Wife*, ya 1999, wanasema wake wa wakubwa, akiwemo mke wa Mfalme Midas wa visasili vya Kigiriki, na sijaulizwa hata siku moja kama Duffy aliolewa na Midas. Basi kabla ya kumhukumu mtu, chukua penseli uandike pembeni: nani anasema? Wanafunzi wangu hununa nikiwalazimisha. Wanune tu.

Eti ni Mwingereza? Alizaliwa Glasgow mwaka 1955, wazazi wakahamia Stafford angali mdogo. Alisoma falsafa Liverpool na kuja kufundisha Manchester, ila cheo cha mshairi wa taifa la Uingereza alipokipata 2009, alikuwa Mskoti wa kwanza kukishika, na mwanamke wa kwanza tangu kianze na mshairi John Dryden mwaka 1668.

Eti cheo chenyewe ni cha kumsifu Malkia na kutajirika? Malipo yalikuwa pauni 5,750 kwa mwaka na shehena ya mvinyo wa sheri. Fedha alizitoa ziwe tuzo ya washairi wengine. Shairi lake la kwanza cheoni liliwachapa wanasiasa, na 2010 akaandika juu ya jeraha la mwanasoka David Beckham.

Wala si cha maisha. Mwaka 2019 alimwachia Simon Armitage baada ya miaka 10, kama Andrew Motion kabla yake. Wa mwisho kufa nacho ni Ted Hughes, mwaka 1998.